Nani Anaruhusiwa Kulala Kazini? Historia ya Alama Moja Ndogo Kwenye Msimbo

Mwanzoni mwa utafiti wangu niliandika programu ya Python ya kukusanya vipimo vya mvua kutoka vituo 12. Niliiwasha saa tatu usiku nikaenda zangu kulala. Asubuhi faili lipo, jina sahihi, tarehe sahihi, ndani hamna kitu. Hata mstari mmoja.

Kosa lilikuwa neno moja. Mbele ya funksheni ya kuandika kwenye faili nilisahau kuweka neno await. Kwenye Python, ukiiita funksheni ya aina ile bila neno hilo, kazi haifanyiki. Unapewa tu kitu mkononi, kama tikiti ya basi ambalo hujalipanda. Kusema kweli Python ilinionya, ila onyo lilipita kwenye skrini pamoja na maonyo mengine mengi ambayo nilishazoea kutoyasoma.

Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hivi unajua kwa nini hilo neno lipo?" Sikujua. Nilidhani ni ubishi wa watu wa Python. Nilipoanza kufuatilia nikajikuta mwaka 1958, na njiani nikapita kwenye programu moja ya lugha ya C ambayo watengenezaji wake walitumia zaidi ya miaka kumi kujibu swali linaloonekana la kitoto: funksheni gani ipewe alama kwamba inaweza kusimama katikati ya kazi, na ipi isipewe?

Kabla ya historia, tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Funksheni ya kawaida ni kama kumtuma mtoto dukani. Anaenda, analeta chumvi, kazi imekwisha. Ukimtuma tena anaanzia nyumbani, hakumbuki kwamba mara ya kwanza alifika mpaka wapi. Korutini ni jambo lingine, na mfano mzuri zaidi ninaoujua ni ngonjera. Kwenye ngonjera hakuna bwana na mtumwa. Mmoja anatoa ubeti wake, ananyamaza, mwenzake anajibu, kisha wa kwanza anaendelea pale pale alipoishia na hoja yake ikiwa bado kichwani. Haanzi upya. Korutini ni funksheni inayoweza kunyamaza katikati, ikaachia zamu, halafu ikaamshwa na kuendelea na kila kitu chake kikiwa kama ilivyokiacha.

Conway na tepu zake

Jina hili alilibuni Mmarekani Melvin Conway mwaka 1958. Maelezo yake yalichapishwa Julai 1963, kwenye makala kuhusu kompaila ya lugha ya Cobol. (Ndiyo, ni Conway yule yule wa ile kanuni ya 1968, kwamba taasisi hutengeneza mifumo inayofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana. Wengi wanaijua kanuni, wachache wanajua kwamba korutini ni zake pia.)

Shida yake ilikuwa hii. Kompaila ina sehemu nyingi. Moja inasoma herufi na kuziunganisha kuwa maneno. Nyingine inachukua maneno na kuyaunganisha kuwa sentensi. Sasa nani amwite nani? Ukisema msoma sentensi ndiye bosi, basi msoma herufi atakuwa mtoto wa dukani: kila akiombwa neno moja anaanza upya, na lazima ajue mwenyewe aliishia wapi. Ukigeuza, shida inahamia upande wa pili. Conway akasema, kwani lazima awepo bosi? Kila sehemu iandikwe kana kwamba yenyewe ndiyo programu kuu. Msoma herufi anaandika neno anapolipata. Msoma sentensi anasoma neno anapolihitaji. Zamu inabadilishana pale wanapokutana.

Uzuri ambao mimi ulinishangaza ni wa tepu. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na mara nyingi kompaila nzima haikuenea humo. Conway alionyesha kwamba ukiziandika sehemu namna hii, unaweza kuzikata ukaweka tepu katikati: sehemu ya kwanza imalize kazi yote na kuandika matokeo kwenye tepu, tepu irudishwe mwanzo, ndipo sehemu ya pili ianze kusoma. Kila sehemu bado inajiona inasoma na kuandika tu.

Zingatia kwamba hapo hapakuwa na alama yoyote. Nani angeihitaji? Programu iliandikwa kwa lugha ya mashine au iliyo karibu nayo, na anayeandika alijua kila mruko unatoka wapi kwenda wapi. Donald Knuth, kwenye juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa (1968), akaipa korutini sehemu yake maalumu kama jambo la kawaida ambalo kila mtu wa fani anapaswa kulijua. Kule Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wakaiweka ndani ya lugha ya Simula 67, kwa sababu wao walikuwa wanaiga foleni na mambo mengine ya dunia yanayotokea kwa zamu, na mteja aliye kwenye foleni ni korutini kamili: anafanya jambo, anasubiri, anaendelea.

Halafu ikapotea. Haikufa kabisa, maana Modula-2 ya Niklaus Wirth ilikuwa nayo, lakini kwenye mkondo mkuu ilipotea kwa karibu miaka thelathini. Sababu kubwa ni rundo.

Lugha ya C, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, inaweka taarifa za funksheni kwenye rundo la kumbukumbu, kama sahani za shughulini. Funksheni ikiitwa, sahani yake inawekwa juu. Ikimaliza, sahani inaondolewa. Ni njia ya haraka na rahisi mno, ila ina sharti moja: aliyeingia mwisho ndiye anatoka kwanza. Funksheni inayotaka kusimama katikati inataka sahani yake ibaki pale, pamoja na zote zilizo chini yake, huku wengine wakiendelea na kazi. Rundo moja haliwezi hilo. Unix yenyewe ililikwepa tatizo kwa mabomba ya mwaka 1973, ambapo programu mbili nzima, kila moja na rundo lake, zinapokezana data. Wazo ni la Conway kabisa, ila kwa kiwango cha programu nzima.

Funksheni zilizochanwa

Kilichoirudisha korutini ni intaneti. Mwaka 1999 mhandisi Dan Kegel aliandika kuhusu changamoto ya seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Ukimpa kila mteja thredi yake, mfumo endeshi unazidiwa. Ukitumia thredi moja, basi hairuhusiwi kuganda hata sekunde moja ikisubiri diski au mtandao, kwa sababu wateja 9,999 wengine wataganda nayo.

Njia iliyoshinda wakati huo ilikuwa ya matukio: badala ya kusubiri, unaacha maagizo. "Diski ikijibu, iite funksheni fulani." Kisha unarudi kwenye kitanzi kikuu kuhudumia wengine. Inafanya kazi, na ni kasi. Lakini msimbo wake, jamani! Kazi ambayo ingekuwa mistari saba inayosomeka kutoka juu kwenda chini inakatwa vipande vipande: fungua faili, simama, kipande cha pili soma, simama, kipande cha tatu kagua. Kila kigezo ulichokuwa nacho inabidi ukifungashe kwenye kikapu ukikabidhi kipande kinachofuata. Ukitaka kuweka kitanzi cha "for" kinachopita juu ya kusubiri, kitanzi chenyewe kinachanika.

Mwaka 2002, kwenye mkutano wa USENIX, Atul Adya na wenzake wa Microsoft Research walitoa makala ambayo naipendekeza kwa kila anayesoma sayansi ya kompyuta. Uchanaji huu waliupa jina, na zaidi ya hapo walitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wanayachanganya. La kwanza: je, kazi zinapokonywana zamu na mfumo, au zinaachiana kwa hiari? La pili: je, mwandishi anatunza rundo kwa mkono, yaani anachana funksheni, au lugha inamtunzia? Unaweza kuwa na kuachiana zamu kwa hiari bila kuchana chochote. Kwa lugha ya Conway, tumia korutini.

Lakini waliona pia shimo lililofichika, na hapa ndipo hadithi ya alama inapoanza. Nitumie mfano wangu mwenyewe. Una funksheni ya kutoa hela kwenye pochi:

kagua salio, andika kumbukumbu, punguza salio.

Kwenye mfumo wa kuachiana zamu kwa hiari hakuna haja ya kufuli. Hakuna anayekupokonya zamu, kwa hiyo kati ya kukagua na kupunguza hakuna mtu mwingine anayeweza kuingia. Miezi sita inapita salama. Kisha mwenzako, kwa nia njema kabisa, anabadilisha ile funksheni ya kuandika kumbukumbu: badala ya kuandika kwenye kumbukumbu ya kompyuta, sasa inatuma kwenye seva nyingine na kusubiri jibu. Ikisubiri, inaachia zamu. Salio ni 10,000. Ombi la kwanza la 8,000 linakagua, linaona zimo, linalala kwenye kuandika kumbukumbu. Ombi la pili la 8,000 linaamka, linakagua, nalo linaona 10,000. Wote wawili wanapunguza, na pochi inasoma hasi 6,000.

Tazama kilichobadilika kwenye funksheni ya kutoa hela: hakuna. Hata herufi moja. Ukiikagua usiku kucha hutaona kosa, kwa sababu mstari unaosema "andika kumbukumbu" unaonekana vile vile kabla na baada. Kwenye mtindo wa kuchana, angalau mabadiliko yale yangelazimisha funksheni ya kutoa hela nayo ichanwe, na mtu angeshtuka. Korutini imeondoa maumivu, ikaondoa na kelele.

Adya na wenzake walieleza dawa: funksheni yoyote inayoweza kuachia zamu itangazwe hivyo, na yeyote anayeiita itangazwe naye pia, la sivyo ni kosa. Alama inapanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi mpaka juu, na mzazi anayetegemea kutokatizwa anaamshwa mapema.

QEMU na alama isiyofanya kitu

Sasa twende kwenye programu niliyoitaja mwanzoni. QEMU ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Inaiga kompyuta nzima kwa programu, na ndiyo iliyo nyuma ya mashine pepe nyingi za Linux. Ukikodi seva ya bei rahisi mtandaoni, kuna uwezekano mzuri kwamba diski yako si diski bali ni faili, na aliyesimama kati yako na faili hilo ni QEMU.

Mara nyingi faili hilo ni la aina ya qcow2. Mashine pepe ikisema "nipe kipande cha diski namba fulani", QEMU haisomi moja kwa moja. Inatafuta kwenye jedwali la kwanza, linaielekeza kwenye jedwali la pili, la pili linaielekeza mahali halisi ndani ya faili. Ikiwa ni kuandika, pengine lazima itafute nafasi mpya, iongeze hesabu za matumizi, isasishe majedwali. Kila hatua inaweza kuhitaji kusubiri diski halisi. Wakati huo kitanzi kikuu cha QEMU lazima kiendelee kuzunguka, la sivyo mashine pepe inaganda. Kwa mtindo wa kuchana, msimbo huu uligeuka msitu.

Mwaka 2011 Kevin Wolf na Stefan Hajnoczi wakaleta korutini ndani ya QEMU. C haina korutini, kwa hiyo walizijenga wenyewe: kila korutini inapewa rundo lake la mebibaiti 1, na kuna njia ya kuruka kutoka rundo moja kwenda jingine. Msimbo wa qcow2 ukaweza tena kuandikwa kutoka juu kwenda chini kama barua.

Pamoja nazo wakaweka alama: neno coroutine_fn, linaloandikwa kwenye tangazo la funksheni. Nilipoenda kutafuta neno hili linafanya nini, nilicheka. Lilikuwa makro tupu. Kompaila ikilikuta, inalifuta na kuendelea na safari. Maelezo yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya unyenyekevu: funksheni zenye alama hii zisiitwe moja kwa moja na funksheni za kawaida, siku moja ingependeza kama kompaila au chombo kingine kingeweza kukamata makosa haya, kwa sasa alama ni kwa ajili ya wasomaji.

Na kosa lenyewe likitokea? Funksheni ya kawaida ikiiita yenye kuachia zamu, na wakati huo hakuna korutini iliyo hewani, basi inaachia zamu kwa nani? Hakuna mtu upande wa pili. QEMU inaandika ujumbe kwamba korutini inamwachia zamu asiyekuwepo, kisha inajiua. Mashine pepe nzima inazimika papo hapo, pamoja na kila kilichokuwa kinaendelea ndani yake. Tena haitokei kila mara. Kama jedwali lilikuwa tayari kwenye kumbukumbu, hakuna kusubiri, hakuna kuachia zamu, na kila kitu kinaenda salama. Majaribio yanapita. Inaanguka siku diski ikichelewa, kwa mteja, usiku.

Basi iwekwe lini?

Kwa maneno ni rahisi. Funksheni inayoachia zamu ina alama. Inayoiita yenye alama ina alama. Funksheni ya kawaida inayotumiwa na korutini lakini hailali kamwe, kama ile ya kujumlisha namba, haina, kwa sababu kuiwekea alama ni kuwafungia mlango waitaji wengine bila sababu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeridhika na hayo.

Tatizo linaanzia kwenye zile za katikati. Chukua funksheni ya kufungua kufuli la korutini. Kufungua hakumlazimu mtu kulala. Lakini mwenye kufuli ni korutini, na QEMU inahakikisha kwamba anayefungua yuko ndani ya korutini. Akiwa nje, programu inasimamishwa. Kwa hiyo alama inawekwa hata kama hakuna usingizi. Ukifikiria vizuri, maana ya alama imebadilika kidogo hapo: haisemi tena "huyu anaweza kulala", inasema "huyu lazima aitwe kutoka ndani".

Kuna vigezo vinavyobeba anwani za funksheni. QEMU ina jedwali la madereva wa aina za diski, na msimbo mkuu hauiiti qcow2 kwa jina. Unaita "chochote kilichopo kwenye nafasi ya kusoma". Alama lazima iwekwe hata kwenye nafasi hiyo ya jedwali, na kila anayejaza nafasi awe anaikidhi.

Na kuna ndumilakuwili, ambao kwangu ndio kiini cha ugomvi wote. Msimbo wa zamani ulikuwa na funksheni zinazojiuliza kwanza: "Je, niko ndani ya korutini?" Kama ndiyo, zinaendelea na kuachia zamu zikihitaji. Kama hapana, zinaunda korutini mpya, zinaiwasha, na kuzungusha kitanzi papo hapo mpaka ikamilike. Zinaweza kuitwa na mtu yeyote. Ukiziwekea alama, umewakataza waitaji wa kawaida ambao wana haki kamili. Usipoziwekea, kwa kanuni ni kosa, maana ndani yake zinaita zenye alama. Hakuna jibu sahihi, kwa sababu alama ni ya ndiyo au hapana, na hizi ni "inategemea".

Kisha kuna hatari ya upande wa pili, inayosahaulika. Korutini ikiita funksheni ya kawaida inayoganda kwa kusubiri diski, programu haianguki. Inaganda tu, na kila kitu kwenye kitanzi kinaganda nayo. Wakati mwingine inasubiri jambo ambalo haliwezi kutokea mpaka yenyewe iachie zamu, na hapo imejifungia ndani na ufunguo umebaki nje.

Miaka miwili baada ya korutini kuingia QEMU, swali likavuta watafiti. Gabriel Kerneis alikuwa ameshatengeneza, pamoja na Juliusz Chroboczek, chombo kinachoitwa CPC, kinachochukua msimbo wa C ulioandikwa kwa mtindo wa kuachiana zamu na kuugeuza kuwa wa matukio. Yaani chombo kinachana funksheni kwa niaba yako. Lakini ili kichane lazima kijue zipi za kuchana, na hilo linategemea alama ziwe sahihi. QEMU ilikuwa na alama tayari. Kerneis, Charlie Shepherd na Hajnoczi wakaijaribu, na matokeo yao yalitoka kwenye mkutano wa PEPM wa 2014. Walitengeneza CoroCheck, chombo cha kukagua na kukisia alama bila kuendesha programu, wakaongeza alama ya kinyume kwa funksheni zisizoachia zamu kamwe, wakapitisha msimbo wa QEMU, mistari 750,000 ya C.

Alama zilizokosekana zilikuwa mamia.

Sidhani waandishi wa QEMU walikuwa wazembe. Ninavyoona, alama isiyokaguliwa na mashine ni ahadi ya mdomo: anayeiweka anaiweka kwa nia njema, anayebadilisha msimbo miezi sita baadaye hana kinachomkumbusha, na anayesoma hajui aiamini au la. Na alama nusu nusu ni mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu ukiona funksheni haina alama unadhani ni salama.

Hata baada ya makala ile safari haikuisha. Ilichukua mpaka 2022 na 2023 ndipo wimbi la pili likaja. Alberto Faria alileta kikaguzi kinachotumia maktaba ya kompaila ya Clang kupitia msimbo, na makro ile iliyokuwa tupu ikapewa mwili: kwa Clang sasa inaacha alama ambayo vyombo vya ukaguzi vinaweza kuiona. (Kwa GCC imebaki tupu vile vile.) Wale ndumilakuwili wakapata alama yao wenyewe, coroutine_mixed_fn, inayokiri waziwazi kwamba "huyu huitwa pande zote". Ikawepo pia no_coroutine_fn, kwa wale wasiotakiwa kuitwa kutoka ndani ya korutini. Wakati huo huo kazi ya kuwapunguza ndumilakuwili ikaendelea: toleo moja safi la korutini linaandikwa kwa mkono, na toleo la waitaji wa kawaida linazalishwa na skripti, ili mtu asiandike mara mbili akakosea mara moja.

Kuanzia neno tupu la 2011 mpaka neno lenye meno, ni zaidi ya miaka kumi, na ni alama moja tu.

Rangi

Lugha nyingine zilikuwa zimeshaamua kulazimisha. C# iliweka async na await mwaka 2012, Python 3.5 mwaka 2015, JavaScript mwaka 2017, Rust mwishoni mwa 2019. Humo alama si ushauri. Ukikosea, kwa kawaida kompaila inakataa, au kama kwa Python, unapata faili tupu asubuhi.

Wengine walichukia. Mwaka 2015 Bob Nystrom aliandika makala maarufu akilalamika kwamba alama hizi zinagawa dunia ya funksheni kuwa rangi mbili, na rangi moja inaambukiza: ukibadilisha moja chini kabisa, lazima ubadilishe zote zilizo juu yake. Alizisifu lugha kama Go na Lua, ambako funksheni yoyote inaweza kulala bila kutangaza. Go, iliyotangazwa 2009, inampa kila gorutini rundo dogo linalokua likihitaji nafasi, na mwandishi hajui wala hajali nani analala.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikubaliana naye kabisa. Sasa sina uhakika huo. Anachokiita maambukizi ndicho kile kile Adya na wenzake walichokitaka: mzazi aamshwe. Kwa Go, pochi yangu inahitaji kufuli tangu siku ya kwanza, na waandishi wa Go wanalijua hilo na wanaliweka. Kwa QEMU, ambako msimbo mwingi ulijengwa juu ya imani kwamba hakuna atakayekatiza, rangi inaonyesha imani hiyo inaishia wapi. Kwa programu ya kawaida ya simu pengine kero inazidi faida. Kwa programu inayobeba diski ya mtu mwingine, mimi ningechukua kero.

Ile programu yangu ya mvua niliirudia wiki iliyofuata. Neno await nililiongeza kwa sekunde tatu. Lakini nilipoanza kukagua zile nyingine nikamkuta ndumilakuwili wangu mwenyewe: funksheni ya kusoma kituo, ambayo nusu ya waitaji wake walikuwa ndani ya kitanzi cha matukio na nusu walikuwa skripti za zamani za mstari kwa mstari, na ndani yake nilikuwa nimeandika, bila aibu, "kama kitanzi kipo fanya hivi, kama hakipo fanya vile". Nimeigawa mara mbili. Ya async inafanya kazi, ya kawaida inaiwasha ile na kusubiri, na nimeweka ukaguzi kwamba hii ya pili ikiitwa kutoka ndani ya kitanzi ianguke hapo hapo kwa kelele. Imeshaanguka mara mbili, zote mchana, mbele yangu.